Mguu wa Kina Hnatiuk

Mguu wa kushoto wa mume wangu Orest ulikuwa mpana mbele kama koleo na mwembamba kisiginoni kama wa mtoto. Upande wa nje palikuwa na mfupa uliojitokeza, ukubwa wa kiazi kidogo, na kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya cha tatu kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Mguu wa kulia ulikuwa wa kawaida. Siku ya harusi yetu mama mkwe alinivuta pembeni akaniambia kwamba huo ni mguu wa kina Hnatiuk, kwamba baba mkwe anao pia, na kwamba nisiogope. Nilimwambia siogopi. Akasema vizuri, maana kununua viatu ndiyo kazi, mengine yote ya kina Hnatiuk yanavumilika.

Naandika habari za mguu huo kwa sababu picha tulizonazo zote zinamwonyesha Orest kuanzia magotini kwenda juu.

Kwa kazi za shamba alivaa viatu vya mpira vilivyozidi saizi, akajaza soksi. Kanisani alivaa viatu vyeusi ambavyo kile cha kushoto nilikipasua ubavuni kwa wembe na kukishonea kipande cha ngozi. Viatu vya barafu, vile vya kuteleza vyenye chuma chini, ni jambo jingine. Kiatu cha barafu kikikulegea, kifundo cha mguu hulala upande na chuma hakikati. Kikikubana, unalia mbele za watu. Orest alikuwa na jozi moja tu iliyomtosha, aliyotengenezewa ujanani na mzee Kozak, fundi wa matandiko ya farasi, aliyeikata ile ya dukani, akaipanua kwa ngozi ya tandiko na kuipunguza kisiginoni. Mzee Kozak alikufa. Duka lake sasa ni saluni.

Jozi hiyo ilivumilia miaka mingi kuliko farasi yeyote. Kisha, majira fulani ya baridi, siku ya kwanza ambayo barafu ya bwawa iliweza kubeba mtu, Orest alikuwa akiteleza kwa kasi kuelekea upande wa matete, soli ya kushoto ikapasuka katikati. Chuma kikabaki pale pale. Orest akaendelea.

Nilimkuta amekaa kwenye matete, ameshika kile kiatu.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Siku ya Yordani iko karibu," akasema.

Mji wetu wa Zoria una makanisa mawili yenye kuba, la Waorthodoksi na la Wakatoliki, moja kila upande wa reli. Wote ni Waukraini, wote wanaimba nyimbo zilezile, na kila upande unaamini kwamba wenzao wanaziimba kwa uvivu. Siku ya Yordani, sikukuu ya ubatizo wa Bwana katikati ya Januari, wote hushuka bwawani. Msalaba hukatwa kwenye barafu na kupakwa maji ya kiazi chekundu, mapadri wawili hubariki maji, kila mtu hujaza chupa yake, halafu Waorthodoksi na Wakatoliki hucheza hoki kwenye upande mwingine wa bwawa. Watakaofungwa huosha vyombo vya wote.

Mwanamume hucheza mpaka mwaka atakaokosa magoti au viatu. Mwaka huo hupewa kengele. Mshika kengele hukaa kwenye kiti karibu na pipa la moto, amefunikwa blanketi, anatazama saa, na muda ukiisha anapiga. Kila mtu humsalimia kwa heshima na kumletea supu. Aliyepewa kengele harudi tena kwenye barafu. Hakuna aliyeitunga sheria hii, ila hakuna aliyewahi kurudi. Mshika kengele wetu, mzee Harry Sawchuk, alikuwa amefariki wakati wa mavuno, kwa hiyo kiti kilikuwa wazi, na habari za kiatu cha Orest zilifika mjini kabla yetu.

Nestor Bilyk, kapteni wa Waorthodoksi, ambaye siku nyingine zote ni fundi wa mabomba, alikuja jioni ile akiwa na kengele ndani ya mfuko wa unga.

"Kaka," akasema, "hii kitu inataka mtu anayeheshimika."

"Mpe padri," akasema Orest.

"Padri ana kazi yake. Wewe huna viatu."

"Nitapata."

"Kwa mguu ule? Orest, ndugu yangu, nakupenda, lakini mguu ule hata ng'ombe akiuona anageuza kichwa."

"Yordani ikifika nina viatu, utamtafuta mwingine."

"Na kama huna?"

"Basi nitakaa kwenye kiti chako na blanketi lako na supu yako. Haya, nenda."

Nestor akaiweka kengele juu ya friji yetu. Alisema anaiacha hapo ili Orest aizoee. Kila mara mlango wa friji ulipofungwa, ililia kidogo.

Tulianza na duka kubwa la vifaa vya michezo kule Yorkton. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alipima mguu wa kulia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaomba wa kushoto. Orest akavua soksi. Yule kijana akaweka chombo chake cha kupimia, akakitoa, akakigeuza, akakiweka tena. Kisha akamwita meneja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita daktari bila kutaka kumtisha mgonjwa.

Meneja akaja, akapiga magoti.

"Ulipata ajali, mzee?"

"Hapana."

"Trekta?"

"Nilizaliwa nao."

"Na unacheza nafasi gani?"

"Mbele, kushoto."

Meneja akasimama, akapangusa magoti. "Umewahi kufikiria kuvua samaki kwenye barafu?" akauliza. "Tuna viti vizuri sana."

Orest alijaribu kila kilichokuwa rafuni. Kilichoupokea upana kilimwachia kisigino kikiogelea. Kilichoshika kisigino hakikuruhusu vidole kuingia. Alisimama kwenye zulia la mpira akiwa na kiatu kimoja cha namba hii na kingine cha namba nyingine, akaniuliza anaonekanaje. Nikamwambia anaonekana kama watu wawili. Mwishowe meneja akatoa jozi pana kuliko zote, akasema viatu vya siku hizi vinaweza kuwekwa kwenye oveni yenye joto dogo, vikalainika, ukavivaa vikiwa vya moto, navyo vikashika umbo la mguu. Oveni yao ilikuwa na foleni ya watoto wa timu nzima.

"Oveni hata sisi tunayo," akasema Orest.

Hapo ningeweza kusema neno. Lakini nilikuwa nawaza Krismasi yetu, iliyokuwa inakaribia, na mikate.

Mkesha wa Krismasi tunaandaa vyakula kumi na viwili visivyo na nyama wala maziwa, na katikati ya meza unakaa kolach, mkate wa kusokotwa kama ukili, wa duara. Bila huo meza si meza. Mchana ule nilikuwa nimeuweka ndani ya oveni, nikatoka kwenda kwa jirani kuomba uyoga. Niliporudi, Orest alikuwa amekaa mbele ya oveni kwenye kigoda, miguu mitupu, ameshika saa.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri viatu."

"Viko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kolach ulikuwa rafu ya juu, viatu rafu ya chini.

"Orest! Yule bwana alisema joto dogo!"

"Alisema oveni. Oveni ilikuwa imeshawaka. Nizime mkate, niwashe viatu, nizime viatu, niwashe mkate? Sisi ni matajiri?"

Nilifungua mlango. Viatu vilikuwa vimelainika, hilo siwezi kulikana. Sehemu ya mbele ilikuwa imeinama kama uso wa mtu aliyepewa habari mbaya. Orest hakutaka kupoteza nafasi. Alisema vinavaliwa vikiwa vya moto, akavaa. Alisema ni vizuri sana. Akasema ni vizuri ila ni vya moto. Kisha akasema neno ambalo siku ile ya mfungo halisemwi, akaruka, mguu ukatoka na kiatu kikabaki kimegandia sakafuni, na hadi leo alama ipo, nimeweka kapeti juu yake.

Mkate tuliula. Tungefanyaje, nyota ya kwanza ilikuwa imeshaonekana na wageni walikuwa mlangoni. Shangazi Olga, dada wa marehemu baba mkwe, alitafuna muda mrefu akitazama dari.

"Mkate wa mwaka huu una kitu," akasema.

"Ni asali ya mahali pengine," nikamwambia.

"Inakaa mdomoni," akasema. Akaomba kipande kingine.

Baada ya Krismasi Orest aliacha kutaja viatu. Nilimjua, alikuwa anaizoea ile kengele. Asubuhi moja nilimkuta ameishusha kutoka juu ya friji, anaifuta kwa taulo ya vyombo. Nilikwenda kumpigia simu binamu yangu, nikamuuliza kama mnada wa viatu vya barafu bado unafanyika kule Dolyna.

Dolyna ni mwendo wa saa moja kwa pikapu. Kila Januari, kwenye ukumbi wao, watu wa wilaya huleta viatu ambavyo vimekuwa vidogo kwa watoto wao, na wanawake huleta vile ambavyo waume zao wamekataa kuvitupa. Orest hakuwa amewahi kukanyaga Dolyna. Baba yake, Metro, alifanya kazi huko vuli nyingi, akitengeneza mashine za ghala la nafaka, analala huko huko mpaka theluji ianguke. Mama mkwe hakupenda mji ule utajwe mezani. Alisema maji yake ni mabaya.

"Twende tu tukaangalie," nikamwambia Orest.

"Tukaangalie nini? Mguu huu ni mmoja duniani."

"Basi tutakunywa kahawa."

Ukumbi ulikuwa umejaa meza na harufu ya soksi. Orest alisimama karibu na mlango na kofia yake mkononi, kama mtu aliyekuja msibani kwa watu asiowajua. Mimi nilianza meza ya kwanza. Njia yangu ilikuwa ni kutotazama namba. Nilikuwa naingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto na kupapasa.

Kwenye meza iliyokuwa karibu na jiko la kahawa niliingiza mkono ndani ya kiatu kimoja cheusi, kikuukuu, nikagusa kitu ninachokifahamu. Mbele kulikuwa na uwanja. Nyuma palibana. Upande wa nje, ngozi ilikuwa imetengenezewa shimo la kukaa mfupa, ukubwa wa kiazi kidogo. Nilikitoa nikakiangalia vizuri. Ubavu wake ulikuwa wa ngozi ya tandiko la farasi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mtu ametuibia vile vyetu vilivyovunjika, akavitengeneza, akavileta hapa kuviuza. Nikamwita Orest. Alikaa kwenye benchi, akavua buti, akaingiza mguu. Uliingia bila kelele. Akafunga kamba mpaka juu, akasimama. Hakusema kinabana, hakusema kinalegea. Katika ndoa yetu sikuwahi kumwona amevaa kiatu halafu akanyamaza.

"Mama," akamwambia mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza, "hivi ni vya nani?"

"Vya mume wangu. Chukua, baba, uniondolee. Magoti yake yamekwisha na bado anavipaka mafuta kila Jumapili kama sanamu."

Jina lake lilikuwa Stella Prystupa. Kabla hatujauliza bei, mwanamume mrefu akaja kutoka kwenye jiko la kahawa, mdomo umejaa mkate.

"Stella! Nani kasema vinauzwa?"

"Magoti yako ndiyo yamesema."

"Magoti yangu hayajasema kitu. Bwana, samahani, vua. Hivyo haviuzwi, na hata ningekuuzia, vingekutesa. Havimfai mtu mwingine. Mguu wangu una…" Alikuwa anamtazama Orest alivyosimama, wima, bila kuchechemea. "Havikuumi?"

"Hapana."

"Hata hapa ubavuni?"

"Hata hapo."

Yule mwanamume, ambaye ni Leonard, akaweka kahawa yake chini, akakaa kwenye benchi, akaanza kuvua buti lake la kushoto.

"Leonard," akasema Stella, "watu wanakula."

Akavua na soksi. Orest naye akavua kiatu. Wakaweka miguu yao sakafuni, mmoja karibu na mwingine, kama watu wanaolinganisha nyanya. Koleo mbili. Viazi viwili. Vidole viwili vinavyochungulia. Sikujua nitazame wapi, nikatazama dirisha, halafu nikatazama tena.

Walikaa hivyo. Mimi nilingoja mmoja wao aulize swali. Orest akauliza.

"Hiki kidole, ukifunga kamba sana kinakuuma?"

"Kwenye baridi kali tu."

"Hata mimi."

"Unaweka nini? Mimi naweka sufu."

"Mimi naweka karatasi ya tishu. Sufu inakusanyika."

"Ukiichambua vizuri haikusanyiki."

Stella akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mume wangu amezaliwa mwaka gani. Nikamwambia. Akamtazama wake, akahesabu kitu kichwani, akaenda kununua kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

"Alikutengenezea nani?" Orest akauliza.

"Fundi mmoja wa matandiko, huko huko kwenu Zoria. Kozak. Nilikuwa kijana. Nilipelekwa na mtu mmoja, rafiki wa mama. Alinunua viatu, akanipandisha kwenye lori, akanipeleka, akalipa. Hakuwa mtu wa maneno."

"Hapana," akasema Orest. "Hakuwa."

Ndiyo hayo tu yaliyosemwa. Nilikuwepo. Baada ya hapo walizungumzia viatu. Orest alieleza habari za soli iliyopasuka, za Yorkton, za oveni, za Nestor na kengele. Leonard alicheka mpaka kwenye oveni; kwenye kengele hakucheka. Alisema yeye ni Mkatoliki, anacheza mbele, kulia, na kwamba mwaka huo padri wao, ambaye ni mmoja kwa miji miwili, ameamua Yordani ya Dolyna na ya Zoria ifanyike pamoja kwenye bwawa letu, kwa sababu mgongo wake haumruhusu kusimama kwenye barafu mara mbili.

"Kwa hiyo siku ile mimi nacheza," akasema Leonard. "Dhidi yenu."

"Kwa magoti hayo?" akasema Stella.

"Kwa magoti haya haya. Na viatu ni hivi."

Orest akaitikia kwa kichwa. Alielewa. Akavisafisha vyuma kwa kiganja, akamrudishia. Nilimwona Leonard anavipokea, anavitazama, anautazama tena ule mguu wa kushoto ambao ulikuwa bado uko sakafuni, hauna soksi.

"Mnacheza vipindi vingapi?" akauliza.

"Viwili. Kwa sababu ya baridi."

"Basi ndiyo hivyo. Wewe kimoja, mimi kimoja."

"Na asiye na viatu anakaa wapi?"

"Kwani hakuna kiti?"

"Kiti kipo," akasema Orest.

Tulipokuwa tunarudi, mashamba yalikuwa meupe pande zote, upepo unavusha theluji barabarani. Tulipolipita ghala la nafaka Orest alilitazama mpaka likaisha.

"Maji ya Dolyna," akasema, "hayana ubaya wowote."

Siku ya Yordani baridi ilikuwa ile inayofanya nywele za puani kusimama. Mapadri walibariki maji haraka kuliko kawaida. Nestor alipomwona Orest anakuja na viatu shingoni, akamkumbatia. Alipomwona Leonard anakwenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha kengele, akamwachia Orest.

"Wewe bwana, hicho kiti kina mwenyewe."

"Naambiwa ni cha asiye na viatu," akasema Leonard. "Mimi sina."

"Wewe Mkatoliki! Kengele ni yetu!"

Wakaenda kwa padri wetu. Padri alikuwa na barafu kwenye ndevu na alitaka kuingia ndani. Akasema kengele haina dhehebu.

Orest alicheza kipindi cha kwanza. Sijui kuueleza mchezo, ila namjua mtu ambaye mguu haumuumi. Alikata barafu kwa upande wa kushoto bila kuogopa, alimpita Mkatoliki mmoja ambaye ni daktari wetu wa meno, akafunga goli moja, akarudi amenyanyua gongo lake juu kama kijana. Nikapiga kelele. Kisha Leonard akapiga kengele, kwa wakati wake, sawasawa, na watu wakaanza kumwendea na supu.

Orest akaja, akakaa kwenye benchi mbele ya pipa la moto, mbele ya makanisa yote mawili. Akafungua kamba. Leonard akavua buti. Mvuke ulitoka ndani ya viatu. Kwa muda, kabla Leonard hajaingiza mguu wake na kabla Orest hajavaa soksi ya pili, miguu yote miwili ilikuwa nje, kwenye mwanga wa mchana.

Kwanza akanyamaza aliyekuwa karibu, halafu waliofuata, halafu hata kule kwenye masufuria. Shangazi Olga alijipiga ishara ya msalaba, polepole, akaendelea kukoroga.

Nestor alikuwa amesimama na kikombe chake.

"Jamani," akasema, "kumbe iko miwili."

"Watu wanakunywa supu, Nestor," nikamwambia. "Kunywa."

Leonard akafunga kamba. Akasimama, akajaribu uzito, akaingia kwenye barafu. Orest akavaa buti zake za mpira, akakaa kwenye kiti. Mtu akamletea blanketi. Mwingine akamwita mzee, kwa heshima, naye akaitika. Nilisimama nyuma yake. Nilitaka kumwambia kwamba yule mwingine ametoka kwenye kiti hicho hicho sasa hivi na yuko uwanjani, kwa hiyo labda sheria si sheria. Lakini alikuwa hatazami kiti. Alikuwa anatazama mguu wa kushoto wa Leonard.

"Anauegemea kwa nje," akaniambia. "Kama mimi."

Wakatoliki walirudisha goli. Baada ya hapo wote walichoka, wakawa wanasukumana tu na kutukanana kwa majina ya babu zao. Orest alikuwa na saa kwenye kiganja na kengele kwenye paja. Nami niliiona ile saa. Mshale ulifika mahali pake. Wakati huo huo Leonard akaupata mpira wa hoki, ule bapa, katikati ya bwawa, mbele yake hakuna mtu ila kipa wetu, akaanza kuja. Hakuwa na kasi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kama mkewe alivyosema. Alikuwa anakuja kama mtu anayesukuma kabati.

"Orest!" Nestor akapiga kelele. "Muda! Kengele!"

Orest alikuwa ameishika.

"Orest, Mungu wangu, piga!"

Leonard alikuja, akaja, akafika, akapiga. Mpira ukapita katikati ya miguu ya kipa. Kisha kengele ikalia, vizuri, kwa nguvu, kama ya kanisani.

Nestor alivua kofia akaitupa kwenye barafu. "Muda ulikuwa umekwisha! Uliisha zamani!"

"Mkono uliganda," akasema Orest.

"Uko karibu na moto!"

"Huu ulikuwa upande wa pili."

Goli lilikubaliwa, kwa sababu mshika kengele haulizwi. Waorthodoksi tuliosha vyombo, sahani za makanisa mawili na miji miwili, na wanaume wetu hawakusema na Orest mpaka sufuria za mwisho. Yeye aliosha akiwa amekunja mikono, ametulia. Leonard, ambaye alikuwa ameshinda na hakupaswa kuwa jikoni, alisimama karibu naye akikausha, anaeleza kuhusu sufu.

Mwaka uliofuata Nestor alikuja tena na mfuko wa unga. Orest akamwambia atashika kengele kipindi cha pili, cha kwanza ana mechi. Nestor akaiweka kengele juu ya friji. Toka siku ile walipokezana, mmoja kwenye barafu na mwingine kwenye kiti, na Nestor akaanza kuleta saa yake mwenyewe, ambayo haikusaidia chochote. Leonard na Stella walikuja kwetu kila Krismasi. Katika miaka hiyo yote sikumsikia hata mmoja kati yao akimwita mwenziwe ndugu, wala kumtaja Metro. Walikuwa wanazungumza kuhusu viatu. Nilipoweka chakula mezani walikuwa bado wako kwenye viatu.

Orest alifariki mwezi wa pili mwaka jana, na tulimzika mwezi wa nne, ardhi ilipokubali jembe. Leonard alishika jeneza upande wa kushoto.

Yordani hii alikuja peke yake na pikapu yake, Stella akiwa na mafua. Hakukuwa na wa kupokezana naye, kwa hiyo alicheza vipindi vyote viwili. Hakufunga, na hakuna aliyemgusa. Hata Nestor alimpisha njia. Kengele walinipa mimi. Niliipiga kwa wakati.

Alikuja akakaa kwenye benchi, akaanza kuhangaika na kamba za kiatu cha kushoto kwa vidole vilivyoganda. Nilisogea karibu na moto nimpishe nafasi.

"Vimenibana leo," akasema.

"Vitabanaje, shemeji? Ni vyako tangu ujana."

"Ndiyo. Lakini vilizoea kutanuliwa kipindi cha kwanza."

Nikaiweka kengele chini, nikapiga magoti, nikamfungulia kamba.